Watu wa Majahazi Mawili: Uhabeshi na Mwanzo wa Uislamu

Mwezi wa Rajab, mwaka wa tano tangu Mtume Muhammad (S.A.W.) aanze kuteremshiwa wahyi, yaani kama mwaka 615 wa Miladia, kikundi kidogo cha watu kilichomoka Makka kwa siri, wengine wamepanda wanyama, wengine kwa miguu, kikashuka pwani hadi bandari ya Shuaiba. Wanaume hawakuzidi 12, wanawake walikuwa wanne. Wakayakuta majahazi mawili ya wafanyabiashara yaliyo tayari kung'oa nanga, na nauli ilikuwa nusu dinari. Makureshi walipopata habari waliwafuata mbio mpaka ufukweni. Wakakuta bahari tu. Watu wale walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda Uhabeshi, ng'ambo ya Bahari ya Shamu.

Tunapoisimulia historia ya kuenea kwa Uislamu, wengi wetu huanzia Madina mwaka 622, kisha tukakimbilia Badr, na kutoka hapo Sham, Iraki na Misri. Mimi naona tunaruka mlango wa kwanza. Kabla Uislamu haujapata mji, jeshi wala hazina, ulikuwa na wakimbizi, na nchi ya kwanza ya kigeni iliyowapokea wakimbizi hao ilikuwa ya Afrika, chini ya mfalme Mkristo. Ukiyafuata maisha ya wale abiria, mmoja mmoja, utakuta karibu kila jambo kubwa la miaka 40 iliyofuata lina mkono wao.

Makka ya wakati ule ilikuwa mji usio na shamba. Bonde lake ni mawe, mvua yake haba, maji yake ni ya kisima cha Zamzam na visima vichache vingine. Kabila la Kureshi waliishi kwa biashara na kwa Al-Kaaba. Misafara yao ya ngamia ilikwenda Yemen wakati wa baridi na Sham wakati wa joto. Al-Kaaba, nyumba ambayo Waarabu waliihusisha na Nabii Ibrahimu, ilikuwa imezungukwa na masanamu ya makabila mbalimbali. Watu walikuja kuhiji katika miezi mitukufu ambayo vita vilikuwa haramu, na waliokuja kuhiji waliuza na kununua. Hakukuwa na mfalme wala mahakama. Ngao ya mtu ilikuwa ukoo wake. Aliyekuwa na ukoo, akidhulumiwa, jamaa zake walisimama. Mtumwa au mgeni asiye na wa kumsemea, damu yake ilikwenda bure.

Katika mji huo, mnamo mwaka 570, ndimo alimozaliwa Muhammad, wa ukoo wa Banu Hashim. Baba yake, Abdullah, alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake, Bibi Amina, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na babu yake, Abdul Muttalib, akafuata baada ya miaka miwili. Yatima huyo akabaki kwa ami yake, Abu Talib, mtu mwenye heshima kubwa na mali kidogo. Miongoni mwa waliomlea alikuwamo Baraka, mwanamke wa Kihabeshi ajulikanaye zaidi kwa jina la Ummu Ayman, ambaye Mtume alimheshimu kama mama mpaka mwisho wa maisha yake. Muhammad alipokua alisafiri na misafara ya biashara, akajulikana kwa uaminifu, na akiwa na miaka 25 akamwoa Bibi Khadija, mfanyabiashara aliyekuwa amemwajiri.

Alikuwa na desturi ya kujitenga kwa ibada katika pango la Hira, nje ya mji. Huko, mwaka 610, akiwa na umri wa miaka 40, ulimjia wahyi wa kwanza, amri ya kusoma kwa jina la Mola aliyeumba. Alirudi nyumbani akitetemeka. Aliyemtuliza ni mkewe, na mkewe ndiye wa kwanza kumwamini. Wakafuata Ali, mtoto wa Abu Talib. Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Na rafiki yake Abubakar.

Ujumbe wa miaka ile ya mwanzo ulikuwa mfupi na mzito. Mungu ni mmoja, hana mshirika, hakuzaa wala hakuzaliwa. Amewatuma mitume kwa watu wote, wakiwamo Nuhu, Ibrahimu, Musa na Isa, na Muhammad ni katika mlolongo huo. Kuna siku ya kufufuliwa na kuhesabiwa, na siku hiyo mtu hataulizwa alikuwa wa ukoo gani. Ataulizwa alimfanyia nini yatima, maskini, na binti aliyezikwa hai kwa kuwa ni binti. Nguzo tano tunazozijua leo zilikamilika hatua kwa hatua: sala tano zilifaradhishwa katika safari ya Miraji kabla ya kuhamia Madina, saumu ya Ramadhani katika mwaka wa pili wa Hijra, na hija baada yake. Katika Makka ya mwanzo kulikuwa na shahada, sala, sadaka, na wahyi wenyewe ukisomwa kwa sauti.

Hayo yaliwagusa wakubwa wa Kureshi pabaya. Masanamu yakidharauliwa, heshima ya Al-Kaaba mbele ya makabila itapungua, na biashara nayo. Zaidi ya hapo, mafundisho haya yalimweka mtumwa na bwana safu moja. Mtume mwenyewe alikuwa chini ya ulinzi wa Abu Talib, ambaye hakuukubali Uislamu lakini hakukubali pia kumtoa mtoto wa ndugu yake. Hasira ikawaangukia wanyonge. Bilal bin Rabah, mtumwa ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, alilazwa mchangani juani, jiwe juu ya kifua, akiamrishwa kumkana Mola wake, naye akijibu tu kwamba ni Mmoja, ni Mmoja, mpaka Abubakar akamnunua na kumwacha huru. Bibi Sumayya, mama wa Ammar, aliuawa na Abu Jahl, mmoja wa wakubwa hao, kwa kuchomwa mkuki. Ndiye shahidi wa kwanza katika Uislamu. Hata wenye ukoo hawakusalimika, maana ukoo wenyewe ndio uliowafunga na kuwapiga.

Hapo ndipo Mtume alipowaambia wafuasi wake waende Uhabeshi, kwa sababu kule kuna mfalme ambaye mbele yake hadhulumiwi mtu. Tuizingatie sababu hiyo. Hakuwaambia kwamba huko dini ni yao, wala kwamba wana jamaa. Aliwaelekeza kwenye haki.

Wala hakuwa akiwatuma gizani. Uhabeshi ya siku hizo, yaani Ufalme wa Aksum, ilikuwa dola inayojulikana dunia nzima ya wakati huo. Ufalme huo ulikuwa umepokea Ukristo tangu karne ya 4, enzi ya mfalme Ezana, ulipiga sarafu zake za dhahabu, na bandari yake ya Adulis ilipokea vyombo vya kutoka Misri hadi India. Mnamo mwaka 525 mfalme Kaleb alivusha jeshi na kuitwaa Yemen, na Abraha, aliyekuja kuitawala Yemen baadaye, ndiye anayekumbukwa kwa kuiendea Makka akiwa na tembo. Watu wa Makka waliwajua Wahabeshi kwa vita, na waliwajua zaidi kwa biashara. Mfalme wa wakati wa Mtume, ambaye vitabu vya Kiarabu vinamwita Najashi, jina lake As'hama, alikuwa na rafiki zake miongoni mwa wafanyabiashara wa Kureshi.

Waliotangulia katika safari ile hawakuwa watumwa na maskini peke yao, kama wengi wanavyodhani. Alikuwamo Uthman bin Affan pamoja na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Alikuwamo Zubeir bin Awwam, Abdurrahman bin Auf, na Musab bin Umeir, kijana aliyelelewa kwa anasa na manukato hadi mama yake alipojua amesilimu akamfungia ndani. Walikuwamo Abu Salama na mkewe Ummu Salama, na Uthman bin Madh'un, mtu mzima mwenye kupenda ibada.

Miezi michache baadaye uvumi ukavuka bahari: Makureshi wamesilimu. Wakimbizi wakarudi kwa furaha, na walipoikaribia Makka wakajua si kweli. Ikabidi kila mmoja aingie mjini kwa kujificha au kwa kuombewa himaya na mkubwa fulani. Uthman bin Madh'un alipata himaya ya Walid bin Mughira, mmoja wa matajiri wa mji, akawa anatembea bila ya kuguswa huku akiwaona wenzake wakiteswa. Hakuweza kuvumilia. Alimwendea Walid, akairudisha himaya yake hadharani mbele ya Al-Kaaba, akasema inamtosha himaya ya Mwenyezi Mungu. Siku hiyo hiyo alipigwa ngumi ya jicho katika baraza la watu. Walid alipomwambia kwamba jicho lile lingekuwa zima kama angebaki chini ya ulinzi wake, alimjibu kwamba hata jicho lake lililosalimika linatamani yaliyolipata mwenzake.

Mateso yalivyozidi, kundi la pili likaondoka, na hili lilikuwa kubwa: wanaume wapatao 80 na wanawake karibu 20. Aliyekuwa msemaji wao ni Jaafar bin Abi Talib, kaka yake Ali, kijana ambaye watu walisema anafanana na Mtume kwa sura na tabia.

Sasa Makureshi wakaona hatari. Wakimbizi wachache ni aibu; wakimbizi mia moja katika nchi ya mshirika wao mkubwa wa biashara ni jambo la siasa. Wakachagua wajumbe wawili, Amri bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabia. Amri alikuwa hodari wa maneno, mjuzi wa watu, na rafiki wa Najashi wa siku nyingi. Wakakusanya ngozi nzuri, bidhaa ya Makka iliyopendwa sana Uhabeshi, zikatosha zawadi ya mfalme na ya kila askofu wa baraza lake. Mpango ulikuwa wa ujanja: maaskofu wapewe zawadi kwanza, ili siku ya shauri wamshauri mfalme awatoe wakimbizi bila ya kuwasikiliza.

Na maaskofu walishauri hivyo hivyo. Mfalme akakasirika. Watu waliochagua kuja kwake wakaacha wafalme wengine, alisema, hatawatoa mpaka awaite na kuwasikia wenyewe. Wakaitwa. Walishauriana njiani waseme nini, wakakubaliana watasema waliyofundishwa, liwe liwalo.

Masimulizi ya siku ile yametufikia hasa kwa mdomo wa Bibi Ummu Salama, ambaye alikuwako Uhabeshi, na yakaandikwa na Ibn Ishaq zaidi ya miaka mia moja baadaye. Bila shaka hotuba ya Jaafar imepita katika vinywa vingi kabla ya kufika kwenye karatasi. Hata hivyo mpangilio wake unaonyesha jinsi Waislamu wa kwanza walivyojieleza, na kwa maoni yangu hakuna maelezo mafupi ya imani yao yanayoishinda. Jaafar hakuanza na mbingu. Alianza na aibu za watu wao: walikuwa wakiabudu masanamu, wakila mizoga, wakikata udugu, wakiwatenda vibaya majirani, na mwenye nguvu akimla mnyonge. Kisha akatumwa kwao mtu wanayeijua nasaba yake na ukweli wake, akawaita wamwabudu Mungu mmoja, waseme kweli, warudishe amana, waunge udugu, waache damu, wasile mali ya yatima, wasiwasingizie wanawake wema. Wasali, watoe, wafunge. Wakamwamini. Watu wao wakawatesa ili warudi kwenye mawe. Ndipo wakaja katika nchi ya mfalme huyu, wakitaraji kwamba kwake hawatadhulumiwa.

Najashi akauliza kama ana lolote katika hayo aliyokuja nayo mtume wao. Jaafar akasoma mwanzo wa Sura ya Maryam: dua ya mzee Zakaria, kuzaliwa kwa Yahya, na Bibi Maryam peke yake chini ya mtende na uchungu wa uzazi. Mfalme alilia mpaka ndevu zikalowa, na maaskofu wakalia juu ya vitabu vyao. Akatoa hukumu kwamba haya na aliyokuja nayo Isa yametoka katika taa moja, na wajumbe wakaambiwa hawatapewa mtu.

Amri hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Usiku ule alimwambia mwenzake kwamba kesho atamweleza mfalme kitu kitakachowang'oa: watu hawa wanasema Isa ni mja. Abdullah bin Abi Rabia alimsihi asifanye hivyo, maana pamoja na ugomvi wote wale ni jamaa zao. Amri akafanya. Kesho yake wakimbizi wakaitwa tena, na safari hii hofu ilikuwa kubwa kuliko ya jana, kwa kuwa swali lenyewe liligusa imani ya mwenye nchi. Jaafar angeweza kuzungukazunguka. Akasema waliyofundishwa: Isa ni mja wa Mungu na mtume wake, roho itokayo kwake, na neno lake alilomtia Maryam, bikira aliyejitenga na wanaume. Mfalme akaokota kijiti chini, akasema tofauti ya Isa na hayo aliyoyasema Jaafar haizidi kijiti hicho. Maaskofu wakaguna. Akawaambia hata mkiguna. Kisha akawaambia wakimbizi wako salama katika nchi yake, na atakayewatukana atatozwa faini. Zile ngozi zikarudishwa, na Amri na mwenzake wakaondoka mikono mitupu.

Kuna kisa kingine cha Ummu Salama ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Mtu mmoja aliinuka kuupinga ufalme wa Najashi. Wakimbizi waliingiwa na wasiwasi kuliko siku nyingine yoyote, wakihofia kwamba akishika mwingine hatawatambua. Majeshi yakakabiliana ng'ambo ya Nile. Nani aende akatazame? Zubeir bin Awwam, mdogo kuliko wote, akajitolea. Wakampulizia kiriba, akakifunga kifuani, akaogelea mpaka upande wa pili, huku wenzake wakibaki wakimwombea dua mfalme Mkristo ashinde. Alirudi akikimbia, akipunga nguo yake kwa mbali: Najashi ameshinda. Ummu Salama alisema hawakuwahi kujua furaha kama ile.

Wengine walikaa miaka michache. Jaafar na kundi lake walikaa kama miaka 13. Huko mkewe, Asmaa bint Umeis, alimzalia wana watatu. Ummu Habiba, binti wa Abu Sufyan, aliyekuwa mkubwa wa maadui wa Uislamu Makka, alifika Uhabeshi na mumewe, Ubeidullah bin Jahsh. Mume akaingia Ukristo na kufia huko, mwanamke akabaki na imani yake na mtoto mdogo, mbali na baba aliyekuwa akiipiga vita dini yake. Mtume alimposa akiwa huko huko, na mahari, wapokezi wanasema dinari 400, yalitolewa na Najashi mwenyewe.

Kuishi mbali na wahyi kulikuwa na mtihani wake. Uislamu ulikuwa unaendelea kuteremshwa na wao hawapo. Abdullah bin Masud, aliyekuwa miongoni mwa wahamiaji, alirudi akamkuta Mtume anasali, akamtolea salamu kama walivyokuwa wakifanya zamani. Hakujibiwa. Baada ya sala akaelezwa kwamba katika sala mtu ana shughuli. Sheria ilibadilika akiwa ng'ambo.

Wakati huo Makka mambo yalikuwa yanafika ukingoni. Banu Hashim waliwekewa vikwazo vya kutouziwa wala kuoana nao kwa takriban miaka mitatu. Mwaka 619 walifariki Bibi Khadija na Abu Talib, na ulinzi wa Mtume ukaondoka. Alikwenda Taif kutafuta msaada, akafukuzwa kwa mawe. Nusura ilitoka Yathrib, mji wa mitende wa kaskazini uliochoshwa na vita vya makabila yake yenyewe. Watu wake walikutana na Mtume huko Aqaba wakati wa hija za 621 na 622, wakatoa ahadi. Walipoomba mwalimu alitumwa Musab bin Umeir, yule kijana wa anasa aliyekwisha kujifunza ugeni Uhabeshi. Alikwenda na Kurani kifuani, na alipomaliza kazi yake hapakuwa na mtaa mkubwa wa Yathrib usio na Mwislamu. Mwaka 622 Mtume akahamia huko, mji ukaitwa Madina, na mwaka huo ndio ukawa wa kwanza wa kalenda ya Hijria. Bilal akawa mwadhini.

Vita vya Badr (624), Uhud (625) na Handaki (627) vimeandikwa sana. Sina haja ya kuvirudia. Nitataja tu kwamba Musab aliuawa Uhud akiwa ameshika bendera, na walipotaka kumzika hapakuwa na sanda isipokuwa shuka fupi: wakifunika kichwa, miguu inabaki nje. Na mwaka 628, katika mapatano ya Hudeibiya na Makureshi, maswahaba walipokataa kwa uchungu kuchinja na kunyoa kabla ya kufika Makka, aliyetoa shauri ni Ummu Salama, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Mtume. Alimwambia atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyoa yeye kwanza. Akafanya, na wote wakafuata. Mapatano yale yalileta amani ya kutosha watu kukutana na kusikilizana, na katika miaka miwili waliosilimu walizidi waliosilimu kabla yake.

Mwaka huo huo wa 628 majahazi mawili yaliyotolewa na Najashi yalimrudisha Jaafar na waliobaki, pamoja na Abu Musa Al-Ash'ari na watu wake wa Yemen, ambao walikuwa wakielekea kwa Mtume na chombo chao kikawatupa Uhabeshi. Walifika wakati Khaibar imetekwa. Mtume alimkumbatia Jaafar, akasema hajui afurahie lipi zaidi, ushindi wa Khaibar au kurudi kwa Jaafar. Lakini si wote waliowapokea kwa moyo huo. Sayyidna Umar alimwambia Asmaa kwamba wao wa Madina wamewatangulia kwa Hijra, na wana haki zaidi kwa Mtume. Asmaa akawaka. Ninyi, alisema, mlikuwa na Mtume, akimlisha mwenye njaa wenu na kumfundisha mjinga wenu, na sisi tulikuwa katika nchi ya mbali ya watu wageni, kwa ajili ya Mungu na Mtume wake. Akala yamini hatakula wala kunywa mpaka afikishe maneno hayo. Mtume alihukumu kwamba Umar na wenzake wana Hijra moja, na watu wa jahazi wana mbili. Asmaa alisema watu wa jahazi walikuwa wakimjia makundi kwa makundi kumwuliza habari hiyo, na hakuna kitu duniani kilichowafurahisha kuliko hicho.

Jaafar hakukaa sana. Mwaka 629 aliuawa Muta, katika Jordan ya leo, akipambana na majeshi ya Warumi wa Mashariki. Mwaka 630 Makka ilifunguliwa karibu bila ya damu, na Bilal akapanda juu ya Al-Kaaba kuadhini. Katika kipindi hicho Najashi naye alifariki. Mtume aliwatangazia maswahaba Madina siku ile ile, akawapanga safu, akamsalia kwa takbira nne. Vitabu vya Waislamu vinasema mfalme yule alisilimu; ufalme wake ulibaki wa Kikristo. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani yetu, yamejenga juu ya tukio hilo ruhusa ya kumsalia maiti aliye mbali. Kila imamu wa Lamu, Unguja au Moroni anapoinuka baada ya sala kutangaza sala ya ghaibu, anafuata jambo lililofanywa kwanza kwa ajili ya mfalme wa Kiafrika.

Mtume alifariki mwaka 632. Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi: Yarmuk mwaka 636, Madain ya Wafursi mwaka 637, Baitul Muqaddas mwaka uliofuata. Na Misri? Aliyeingia Misri mwishoni mwa 639 na kuikamilisha Iskandaria ilipokabidhiwa mwaka 642 ni Amri bin Al-As, yule yule aliyekwenda na ngozi kwa Najashi. Wapokezi wanasema ni Najashi aliyemgeuza. Baada ya vita vya Handaki Amri alirudi Uhabeshi, akaomba apewe mjumbe wa Mtume amwue. Mfalme akamkaripia vikali na kumwambia amfuate mtume huyo, naye akasilimu na kufika Madina mwaka 629. Msikiti alioujenga Fustat, ambao leo umo ndani ya Kairo, ndio wa kwanza Misri. Uthman bin Affan, aliyeongoza orodha ya abiria wa Shuaiba, ndiye khalifa ambaye mnamo mwaka 650 aliamuru Kurani inakiliwe katika msahafu mmoja na kupelekwa miji mikuu. Zubeir wa kiriba alikuwamo katika kuiteka ngome ya Babiloni, Misri.

Dola ilienea upesi. Dini ilienea polepole, na mambo hayo mawili yasichanganywe. Misri iliendelea kuwa na Wakristo wengi kwa karne kadhaa baada ya Amri, wakilipa jizia na kuhifadhi makanisa yao. Nubia ilisimama na wapiga mishale wake, ikafanya mkataba mwaka 652. Uhabeshi haukuguswa na majeshi hayo, na wapokezi wanamnukuu Mtume akiagiza Wahabeshi waachwe maadamu na wao wamewaacha Waislamu. Isidhaniwe pia kwamba Uislamu wa pwani ya Afrika Mashariki ulitoka Aksum kwa njia ya nchi kavu. Ulikuja na pepo za msimu, kwa wafanyabiashara wa Ghuba na Arabuni ya kusini. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, wachimbuaji wa miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti iliyorudi nyuma hadi karne ya 8, na mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107.

Mashariki mwa Tigray, katika kijiji cha Negash, uko msikiti unaoitwa kwa jina la Najashi, na mapokeo ya Waislamu wa Ethiopia yanasema hapo wamelala yeye na baadhi ya maswahaba waliofia ugenini. Mwishoni mwa mwaka 2020, katika vita vya Tigray, msikiti huo ulipigwa makombora na kuporwa. Nawaomba walimu wa madrasa na wa somo la historia, kutoka Mombasa hadi Bukavu, wawafundishe watoto habari ya majahazi ya Shuaiba kabla hawajafika Badr, na wamtaje Najashi kwa jina lake, As'hama.